Sukari au Chupa

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaki yasikike nusu. Wewe binti yangu, kaa hapa kitandani, miguu yangu haiumi ukikaa. Wewe mwanangu wa kiume, acha kusimama dirishani ukilitazama trekta, halikimbii lile, vuta kiti. Na wewe mwoka mikate, mtoto wa shemeji yangu, usijibanze huko nyuma ya kabati kama mgeni aliyekosea nyumba. Nimekuita kama nilivyowaita hawa wawili, basi kaa walipokaa. Wakili, wewe andika nikikwambia andika, na nisipokwambia upumzishe mkono wako, kwa sababu mengi nitakayosema leo si ya serikali, ni ya nyumba hii.

Akili yangu ni timamu. Hilo andika. Mwili ndio umegoma. Daktari alipotoka asubuhi alimnong'oneza binti yangu huko ukumbini akidhani sisikii, mimi niliyelala ujana na uzee wangu juu ya ghala la chupa, chupa moja ikipasuka chini ya sakafu nikajua imepasuka upande gani! Nilimsikia. Sina la kulalamika. Nina majuto tu, wanangu, na majuto hayagawanywi kama mashamba, lakini nitawapa hivyo hivyo, kwa sababu mkiyachukua mashamba haya bila kujua yaliyopita juu yake nitakuwa nimewaachia udongo mtupu.

Vipande ni viwili. Hawa wawili wanavijua, wewe mwoka mikate huvijui, basi wenzako watanivumilia. Kuna kipande cha Bondeni, kando ya mto, udongo mweusi wa mfinyanzi unaokamata kiatu na kukataa kukiachia. Zabibu zake ni nono, ni tamu, hazisumbui mtu. Halafu kuna kipande cha Chokaa, huko juu kilimani, udongo mweupe kama unga wa dukani kwako, mawe unayoyavunja kwa vidole, mizizi inahangaika kushuka chini kabisa kutafuta maji, na zabibu zake ni ndogo na kali, ukiuma moja unakunja uso. Babu yenu aliwaachia vyote wanawe wawili bila kugawa. Mkubwa ndiye aliyenioa mimi. Mdogo ni baba yako wewe, shemeji yangu, ambaye watu wote walimwita Mlamba kwa sababu alikuwa haoni udongo akaupita. Lazima aokote, alambe, ateme. Asubuhi yangu ya kwanza katika nyumba hii nilimwona ameinama shambani na bonge la udongo mdomoni, nikamuuliza mume wangu, "Huyu mdogo wako ana minyoo?" Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Hana minyoo," akasema. "Anaonja shamba."

Walipendana wale watu. Nataka mlijue hilo kwanza, kabla sijafika huko kwingine. Wakinywa chai walikunywa kikombe kimoja, huyu anapuliza, yule anakunywa. Mimi niliyeolewa ndiye niliyekuwa mtu wa tatu mezani.

Zama hizo zabibu zetu tulikuwa tunaziuza kwa kampuni. Lori lilikuja wakati wa mavuno, likachukua za Bondeni na za Chokaa na za majirani wote, zikaenda kumwagwa katika tangi moja kubwa kama nyumba, na mvinyo uliotoka humo haukuwa wa mtu yeyote. Jambo hilo lilikuwa linamkera Mlamba. Msimu mmoja, lori bado linapakia, alituita jikoni, mimi na kaka yake, akaweka mezani vikombe viwili vya maji ya zabibu.

"Onja hiki, shemeji," akaniambia. "Haya, sasa onja hiki."

Nikaonja. Cha kwanza kilikuwa kitamu, kikapita. Cha pili kilinichoma pembeni mwa ulimi, kisha kikabaki, kikabaki, kama mtu aliyeaga akasahau kuondoka.

"Hiki cha pili ni Chokaa," akasema. "Kaka, sisi tuna shamba linalosema, na kila mwaka tunalipeleka likazibwe mdomo kwenye tangi la watu."

Mume wangu alikuwa mtu wa tahadhari. Aliuliza kuhusu mashine ya kukamulia, mapipa, ghala. Lakini nilimwona akikirudia kile kikombe cha pili mpaka kikaisha, nikajua lori halitapakia tena hapa.

Nikueleze kwa lugha ya kazi yako, mwanangu mwoka mikate. Mvinyo wa kawaida ukishachacha, kazi imekwisha. Huu wetu wa mapovu ukishachacha mara ya kwanza tunautia kwenye chupa pamoja na hamira kidogo na sukari kidogo, tunaufunga, tunaulaza chini gizani. Hamira inakula sukari na kutoa hewa, kama inavyofanya kwenye unga wako uliokanda, ila unga una nafasi ya kuumuka na chupa haina. Hewa ikikosa pa kwenda inaingia kwenye mvinyo wenyewe, inatulia humo. Ndiyo mapovu hayo. Lakini sukari ikizidi, au kioo kikiwa na udhaifu usioonekana kwa macho, chupa inalipuka, na moja ikilipuka inaziamsha jirani zake.

Mwaka wetu wa kwanza sukari alipima Mlamba. Chupa alinunua mume wangu. Mlamba alisema chupa zile ni nyepesi, mume wangu akasema sukari ile ni nyingi, wakabishana, wakacheka, wakafunga vizibo, wakazilaza. Likaja joto ambalo hatujapata kuliona. Mchana mmoja tukasikia mlio chini ya sakafu, ukafuata mwingine, kisha ikawa kama mahindi yanapasuka kwenye chungu. Mume wangu akapiga kelele, "Mtu asiingie!" Mlamba alikuwa ameshaingia. Alitaka kuziokoa za Chokaa, zilizokuwa mwisho kabisa wa ghala. Alitoka na kreti moja mikononi, hajaiangusha, na damu inatiririka shavuni, akauliza, "Mbona mnanitazama hivyo?" Hakuwa amejua bado kwamba jicho limekwenda.

Mume wangu alimbeba mikononi kama mtoto hadi kwenye gari. Mimi nilikaa nyuma nimekipakata kichwa chake. Njia nzima mume wangu anaendesha na kusema, "Mdogo wangu, mdogo wangu, mdogo wangu," hana neno lingine. Haya nayasema kwa sababu nilikuwepo, na sasa nimebaki peke yangu niliyekuwepo.

Kesho yake tukaruhusiwa kuingia wodini. Mlamba amelala, kichwa chote bandeji, jicho moja linatutazama. Mume wangu akasimama pale miguuni pa kitanda, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na chuma kinatetemeka. Alikuwa na yale maneno ya kwenye gari kinywani, nayajua. Akafungua mdomo, likatoka hili:

"Nilikwambia sukari imezidi."

Mlamba akagusa bandeji. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Na mimi nilikwambia chupa ni dhaifu." Akageuzia uso ukutani.

Basi. Ndiyo yote, wanangu. Hakuna jingine lililotokea. Hakuna mtu aliyemwibia mwenzake, hakuna mwanamke, hakuna hati iliyoghushiwa, ingawa najua majirani wametunga mengi. Ni maneno yale tu, mtu aliyeogopa amesema kitu cha kijinga kwa mtu anayeumwa. Mlamba alipotoka hospitali hakurudi hapa. Mkewe alikuja na gari la kukodi, amembeba huyu mwoka mikate akiwa mchanga mgongoni, akafungasha vyombo na kulia, na mimi nikamsaidia kufungasha na kulia. Wakahamia mjini, akafungua duka la mikate. Hamira hakuiacha, mnaona.

Mpaka leo sijui kama ilikuwa sukari au ilikuwa chupa. Huenda ilikuwa joto tu.

Nipe maji kidogo. Kidogo, binti yangu, usinioshe.

Mume wangu aliendelea, na hapa ndipo hawa wawili wanapopajua kwa sehemu. Alinunua chupa nzito. Akapunguza sukari. Yaani, kila mmoja alikuwa amesikilizwa, na aliyesikilizwa hakuwepo kuona. Na Chokaa hakuichanganya na Bondeni tena, hata mwaka wa ukame, hata wanunuzi walipomwambia kwamba mvinyo wa Bondeni ni laini na huu mwingine ni mkali mno. Kila kipande chupa yake, kama mdogo wake alivyotaka. Wanunuzi wa mbali wakaanza kuja kuuliza ile ya Chokaa, ile inayobaki mdomoni. Walimsifu mume wangu, naye akawa kila akisifiwa anatafuta kazi ya kufanya na mikono.

Mkiwa wadogo mlikuwa mnaniuliza, "Mama, baba anaongea na nani huko chini?" Nilikuwa nawajibu kwamba anahesabu chupa. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anazizungusha kwenye zile mbao zenye matundu, kila moja robo ya mzunguko, ili mashapo ya hamira yateremke shingoni mwa chupa, na huku anabishana na Mlamba. "Wewe ungesema tuvune mapema. Najua ungesema hivyo. Lakini ulikuwa huna subira, ndiyo shida yako." Anasubiri jibu, anazungusha nyingine. "Haya, basi, safari hii umeshinda." Nilikuwa nasimama juu ya ngazi na kusikiliza, na niwaambie ukweli, sijawahi kumsikia mume wangu ana furaha kama alipokuwa akigombana na mtu asiyekuwepo.

Nilimwambia mwite. Akasema atakuja mwenyewe akitaka. Kwa mkewe Mlamba nilipeleka ujumbe, jibu likarudi kwamba Mlamba naye anasema ataenda akiitwa. Haya, mtafanya nini na watu wa namna hiyo? Siku moja nilimvalisha mume wangu shati safi kwa nguvu, nikamkalisha kwenye gari, tukaenda mjini. Tukasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka. Tulimwona kupitia kioo. Amenenepa, ana aproni, anawapa watu mikate, na kila akigeuka upande wa jicho lililokufa anatanguliza mkono kupapasa ukingo wa meza. Mume wangu aliuona ule mkono. Hakuzima injini. Tulikaa pale mpaka jasho likamlowesha lile shati, kisha akasema, "Leo ana wateja wengi. Tutakuja siku nyingine."

Hatukununua hata mkate.

Hakufika siku nyingine hiyo. Alianguka kwenye mistari ya Chokaa akiwa anapogoa, mkasi mkononi, na mwanangu huyu ndiye aliyemkuta. Mlamba alikuja siku moja baada ya mazishi, tumeshaondoa viti. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kofia mkononi, nami nikashuka ghalani, nikafungua chupa, nikamletea glasi. Alikunywa akiwa amefumba jicho.

"Hii ni Chokaa peke yake," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Alikaa chini, pale pale kwenye ngazi ya jikoni, akalia, na nikajua siku ile kwamba jicho lililokufa nalo linatoa machozi. "Mbona hakuniambia?" akaniuliza. Alikuwa ananiuliza mimi, wanangu. Alirudi mjini jioni ile, akawa anakuja mara moja moja, anakaa zaidi kaburini kwa kaka yake kuliko anavyokaa na sisi, mpaka mwezi uliopita ulipokuja wewe, mwoka mikate, unga bado uko kwenye kucha zako, kuniambia naye amekwenda.

Sasa wakili, shika kalamu.

Kipande cha Bondeni, chote hadi mtoni, pamoja na trekta na banda lake, nampa mwanangu wa kiume. Ghala la chini, mashine ya kukamulia, mapipa, mbao za kugeuzia chupa na chupa zote zilizolala humo, pamoja na nyumba hii, nampa binti yangu, ambaye pua yake haijawahi kunidanganya. Na kipande cha Chokaa nampa huyu mtoto wa Mlamba.

Tulieni. Nimesema tulieni, sijamaliza. Najua mtasema mama amewafunga kamba moja miguuni, mwenye zabibu hana ghala, mwenye ghala hana zabibu, na mwenye Chokaa hajui kutofautisha mzabibu na mpera. Ndiyo, nimewafunga. Sikuona njia nyingine. Nimewasikia nyinyi wawili tangu ile mvua ya mawe iharibu mavuno ya huko juu. Huyu anasema tuchanganye vipande vyote tupate chupa za kutosha, yule anasema heri chupa chache zenye jina lake. Kila mmoja ana hoja. Lakini nimesikia jinsi mnavyosema siku hizi. "Nilikuambia." "Na mimi nilikuambia." Nikilisikia neno hilo linapanda kutoka jikoni nakuwa tena wodini, naona chuma cha kitanda kinatetemeka.

Mwanangu, unasimama unakwenda wapi?

Najua. Najua ni wewe uliyeipogoa Chokaa tangu baba yako aanguke pale, kila mche, kwenye baridi, mikono imepasuka. Hakuna aliyesahau. Sikukunyima kwa sababu hukufanya kazi. Nampa huyu kwa sababu kilikuwa cha baba yake pia kabla jasho lako halijamwagika pale, na baba yake alikiacha akiwa na kidonda, hakukiuza. Mwanangu... Usifunge mlango hivyo.

Ameondoka. Nasikia anashuka.

Hapana, binti yangu. Usiseme "aende tu." Usiimalizie sentensi hiyo, tafadhali, imeze kama dawa.

Unasema nini, mwoka mikate? Sema kwa sauti. Hukuja kuchukua kitu, mwezi uliopita ulikuja kuleta habari ya msiba tu. Najua, mwanangu, mimi mama yako mkubwa sikukuuliza ulikuja kufanya nini. Halafu unasema nini tena? Hujui hata kushika mkasi wa kupogolea. Utahitaji mtu akufundishe, na ungependa awe huyo mwanangu aliyeshuka, kama atakubali, na bila yeye hutakitaka kipande.

Umesikia, binti yangu? Nenda. Mfuate kaka yako, yuko bandani, ndiko anakokwenda akikasirika tangu mtoto. Usimweleze nani ana haki. Usimwambie mama ni mgonjwa, anajua. Mwambie maneno ya huyu kama alivyoyasema, neno kwa neno: hajui kushika mkasi, anaomba afundishwe na yeye. Nenda sasa, mimi nitasubiri. Nitajitahidi.

Wakili, andika haya ya mwisho. Nizikwe bila maneno mengi. Kazi ya ghalani isisimame kwa ajili yangu, chupa zizungushwe siku hiyo hiyo, hazijui kwamba nimekufa. Nguo zangu mke wa Mlamba achague kwanza. Mkichanganya vipande, changanyeni mkiwa mmekubaliana watatu, na msipokubaliana, basi kila kipande kibaki kivyake mwaka huo. Na hili usiandike, ni la huyu hapa: mwanangu, baba zako wawili wangekaa meza moja wakatukanana mpaka asubuhi, leo ningekuwa nakufa nacheka.

Nipe mkono wako. Una joto, mikono ya tanuri. Mungu awape... subiri, pumzi. Mungu awape mvua ya kiasi. Awape zabibu zenye maganda imara. Awape watoto wenye kelele. Na mkikosana, maana mtakosana, Mungu awajalie mkosane mkiwa mnatazamana. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Kumeingia giza, au ni mimi? Ni mimi. Haya.

Mlango wa chini huo. Nyamaza, wakili, kalamu yako ina kelele. Mwoka mikate, ni viatu vya mtu mmoja, au... Usiniambie. Nasikia mwenyewe. Ni wawili. Wanabishana. Sikia wanavyobishana... wanapanda.